Meno bandia kwenye kliniki ya familia: akriliki, nailoni, chuma, na watu wanaoyatengeneza

Mtu anayetaka meno bandia akifika kliniki huuliza bei, kisha huuliza aina ipi ni nzuri. Tungependa aanze na swali jingine: nitakuja hapa mara ngapi? Seti kamili, ya juu na ya chini, kwa mtu asiyebakiwa na jino hata moja, kwa kawaida huchukua miadi mitano mpaka siku ya kuvaa, na isiyopungua miwili baada ya hapo. Anayeahidi kuimaliza kwa siku mbili kuna hatua ameiruka, na utaijua hatua hiyo kwa kidonda kwenye fizi au kwa meno yanayodondoka ukipiga chafya.

Hapa tunapima huduma yenyewe kama inavyotolewa kwenye kliniki za familia za miji yetu, zile ambazo mtoto anazibwa jino chumba hiki na bibi yake anapimwa meno bandia chumba cha pili. Kliniki ya aina hiyo ina faida moja kubwa: inamjua mgonjwa. Jalada lake lipo, linaonyesha gego lililong'olewa mwaka gani, sukari ipo au haipo, dawa za presha ni zipi. Mambo hayo yanaingia moja kwa moja kwenye meno bandia. Dawa nyingi za presha hukausha kinywa, na mate ndiyo yanayoishikilia seti ya juu. Chukua vipande viwili vya kioo, vilowanishe, vibandike, kisha jaribu kuvitenganisha kwa kuvuta. Bamba la juu hushika kaakaa kwa namna hiyo hiyo. Kinywa kikikauka mshiko unapungua, na fizi zinachubuka upesi. Mwenye kisukari naye, sukari ikiwa juu, vidonda vyake huchelewa kupona na fangasi hustawi chini ya bamba. Daktari asiyeuliza habari hizi kabla ya kushika trei ya kuchukulia kipimo ameanza vibaya.

Siku ya kwanza mgonjwa apapaswe fizi kwa kidole, juu na chini, na pembeni mwa ulimi. Daktari anatafuta mizizi iliyobaki, mfupa wenye ncha kali, nyama inayolegea na uvimbe wowote. Akishuku mzizi, eksirei. Mzizi ukiachwa chini ya bamba utauma siku moja, na meno mapya yatalazimika kukaa kabatini mpaka utolewe.

Kama meno yameng'olewa karibuni, kuna suala la kusubiri. Mfupa ulioshika meno huanza kupungua mara tu meno yanapotoka, na hupungua kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Ndiyo maana meno bandia ya kudumu hupimwa baada ya wiki sita hadi nane kwa uchache, na miezi mitatu ni bora zaidi. Asiyeweza kukaa kibogoyo muda wote huo, mwalimu au mhubiri kwa mfano, anaweza kutengenezewa seti ya kuvaa siku ile ile ya kung'olewa. Ni huduma nzuri na tunaiunga mkono, ila aelezwe mapema kwamba seti hiyo italegea ndani ya miezi michache, itahitaji kutiwa bitana, yaani tabaka jipya ndani ya bamba la kujaza nafasi iliyoachwa na fizi, na huenda ikabidi itengenezwe nyingine. Malalamiko mengi kuhusu seti hizi yanatokana na maelezo hayo kutotolewa.

Vipimo, yaani chapa ya fizi, huchukuliwa mara mbili. Cha kwanza ni cha alginati, ule unga unaokorogwa na maji ukawa kama uji mzito, ukapakiwa kwenye trei ya kawaida. Joto la pwani huugandisha haraka, kwa hiyo msaidizi anayejua kazi hutumia maji ya baridi na hukoroga akiukandamiza kwenye kuta za bakuli ili viputo vya hewa vitoke. Kipimo kikishatoka mdomoni, muda unakimbia. Alginati ikikauka husinyaa, ikiachwa kwenye maji huvimba, na ama kwa hili ama kwa lile mfano wa plasta utakaomiminwa humo hautafanana na fizi. Unafaa kumiminwa ndani ya nusu saa hivi. Kwa sababu hiyo kliniki yenye maabara yake ya kutengenezea meno ndani, au jirani kabisa, tunaipa alama za ziada. Pasipo maabara, kipimo kifungwe kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko uliozibwa, au plasta imiminwe pale pale kliniki kisha usafirishwe mfano. Kipimo kilichotupwa wazi ndani ya boksi la bodaboda kutoka Mbagala hadi Kariakoo saa saba mchana kinafika kikiwa kimeshapungua, na hakuna fundi hodari wa kukirudisha.

Juu ya mfano wa kwanza, fundi anatengeneza trei ya kinywa chako wewe peke yako. Kwa trei hiyo daktari anachukua kipimo cha pili, na hapa ndipo utamu wa kazi ulipo. Kingo za trei zinawekewa nta ngumu iliyolainishwa kwa moto, trei inaingizwa mdomoni, na mgonjwa anaambiwa atoe ulimi, aupeleke kushoto na kulia, achongoe midomo kama anayepuliza uji wa moto. Misuli yenyewe inachonga kingo. Kingo zikiwa ndefu mno, kila ukifungua mdomo misuli italisukuma bamba. Zikiwa fupi, hewa itaingia na mshiko wa mate utavunjika. Ukiona daktari ametumia trei ya kawaida peke yake akasema inatosha kwa seti kamili, uliza kwa heshima kipimo cha pili kitakuwa lini.

Miadi ya tatu ni ya kutafuta kimo. Matuta ya nta yanawekwa juu na chini, yanapunguzwa na kuongezwa mpaka uso ukae. Taya likipumzika, kati ya meno ya juu na ya chini hubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Nafasi ikikosekana meno yatagongana kila neno, na misuli ya mashavu itauma jioni. Ikizidi, kidevu kinapanda kuelekea pua, pembe za mdomo zinakunjamana, mate yanatuama kwenye mikunjo hiyo, na vinatokea vidonda vyekundu ambavyo watu huvipaka krimu miezi na miezi bila kujua kwamba chanzo ni meno mafupi.

Kisha inakuja hatua ambayo kwa maoni yetu ndiyo kipimo cha kliniki nzima: kujaribishwa meno yakiwa bado kwenye nta. Meno yamepangwa, yanaonekana kamili, lakini yameshikwa na nta ya waridi inayolainika kwa moto mdogo, na kila jino bado linaweza kusogezwa. Likishapikwa kwenye akriliki, ile plastiki ngumu ya bamba, basi. Mgonjwa akae wima na aongee. Ahesabu kuanzia sitini hadi sabini, polepole kisha haraka. Sitini na sita, sitini na saba: sauti ya “s” inataka meno ya juu na ya chini yakaribiane bila kugusana. Yakigusana utasikia mlio wa kugonga. Yakiachana mno utasikia mluzi au kithembe. Kisha aseme “fedha”, “fadhila”, “vitafunwa”. Kwa “f” na “v”, ncha za meno ya mbele ya juu zinatakiwa ziguse mdomo wa chini kidogo tu, pale pakavu panapokutana na palowevu. Kwa “dh” na “th”, ulimi unachungulia kati ya meno. Kiswahili kimejaa sauti hizi, na mtu anayesoma Kurani au kusalisha atazihitaji zaidi ya mwingine. Daktari anayemsikiliza mgonjwa akihesabu, akamwona fundi, wakasogeza jino moja milimita moja kuelekea ndani, ameokoa miezi ya aibu.

Hapo hapo rangi nayo ihakikishwe. Ichaguliwe karibu na dirisha, mchana, si chini ya taa ya kiti. Wengi wanataka meupe kupita yote yaliyomo kwenye kadi ya rangi. Kwa seti kamili ni hiari ya mwenyewe. Kwa anayejaza pengo moja au mawili ni kosa, kwa sababu jino jipya litasimama peke yake kama karatasi. Waliokulia maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, ambako maji mengi yana floridi nyingi, wanalijua zaidi: meno yao ya asili yana madoa ya kahawia, na fundi mzuri anaweza kulitia jino bandia kivuli cha rangi hiyo hiyo lifanane na jirani zake. Inafaa kuomba.

Kuhusu wahudumu. Mtu asiye na meno huwa anaona haya, na haya hiyo inamzuia kusema panapouma. Wahudumu wanaojali utawajua kwa mambo madogo. Mapokezi wanamwamkia mzee shikamoo na kumuuliza yeye mwenyewe shida yake, hawamrukii na kuzungumza na binti aliyemleta. Msaidizi anampa tishu na kumgeuzia kiti kabla hajaambiwa atoe meno yake ya zamani, asikae na mdomo mtupu mbele ya mkwe. Daktari anauliza, “Bibi, kinachokusumbua zaidi ni kula au ni kuonekana?” na anasubiri jibu. Anayetaka kutapika trei ikiingia hawamgombezi: wanamkalisha wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, wanaanza na kipimo cha chini ambacho ni chepesi, wanapunguza mzigo wa alginati upande wa nyuma, wanamwambia apumue kwa pua na ainue mguu mmoja aushikilie juu ili akili ihame. Mambo haya yanataka dakika tatu na moyo wa subira.

Tuje kwenye aina zenyewe.

Akriliki ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. Imetumika kwa meno bandia tangu miaka ya 1930, ndiyo nafuu kuliko zote, na inarekebishika: inaongezwa jino, inatiwa bitana, ikivunjika inaungwa. Udhaifu wake ni unene, maana bamba jembamba huvunjika, na la juu hupenda kupasuka katikati kabisa, mstari ulionyooka kutoka kati ya meno mawili ya mbele. Mara nyingi ufa huo unasema kwamba fizi za pembeni zimeshuka na bamba linabembea juu ya mfupa wa katikati ya kaakaa. Kuliunga bila kutia bitana ni kuliandaa lipasuke tena. Udhaifu mwingine unatoka maabara. Akriliki iliyopikwa kwa pupa, moto mkali toka mwanzo, hutoka na vitundu vidogo ndani, hasa sehemu nene. Liinue bamba kwenye mwanga: likionyesha vitone vyeupe kama povu, litanyonya harufu na litakuwa maskani ya fangasi. Lirudishe.

Nailoni, ile inayonyumbulika, ndiyo inayotangazwa sana siku hizi, na inauzwa kwa bei ya juu kuliko akriliki. Sifa zake ni za kweli: nyepesi, vishikizo vyake ni vya rangi ya fizi kwa hiyo havionekani ukicheka, na ikianguka sakafuni ni nadra kuvunjika. Kwa pengo la jino moja hadi matatu, lililozungukwa na meno imara, na kwa mwenye mzio wa akriliki, ni chaguo zuri. Tunaikataa kwa pengo refu la magego yote ya nyuma. Inanyumbulika, na hapo ndipo tatizo lilipo: ukitafuna, bamba linapinda na kuzama kwenye fizi, na fizi pamoja na mfupa chini yake hulipa gharama. Meno nayo hayaungani na nailoni kikemikali kama yanavyoungana na akriliki. Yanashikwa kwa matundu yaliyotobolewa ndani yake, na jino linaweza kuchomoka. Kuongeza jino au kutia bitana ni kazi ngumu ambayo maabara nyingi haziifanyi. Ikisuguliwa kwa brashi ngumu hukwaruzika na kushika rangi ya chai. Muuzaji asiyekwambia haya anakuuzia nusu ya habari.

Chuma cha kobalti na kromu ni cha mtu aliyebakiwa na meno kadhaa yenye afya na anayetaka meno bandia ya kudumu. Bamba lake ni jembamba kuliko la akriliki mara kadhaa, ulimi unapata nafasi, na joto la chai linapita hadi kwenye kaakaa kwa hiyo chakula kinarudi kuwa na ladha. Ubora wake mkubwa umo kwenye vidole vidogo vya chuma vinavyotua juu ya meno ya asili, vikipeleka nguvu ya kutafuna kwenye meno badala ya kuikandamizia fizi. Ili vitue vizuri, daktari huchonga vijishimo vidogo kwenye meno hayo kabla ya kuchukua kipimo. Chuma kilicholetwa bila meno kuchongwa kitainua meno yasifunge, au hakitakuwa na vidole kabisa. Bei iko juu, vishikizo vya chuma vinaweza kuonekana, na kuongeza jino si rahisi kama kwa akriliki. Akina mama wenye mzio wa hereni za bei rahisi waulize kama mchanganyiko wa chuma una nikeli.

Kijino kimoja cha akriliki kisicho na vishikizo, kinachouzwa kama suluhisho la haraka, hatukipendi hata kidogo. Kinaweza kumezwa usingizini au kuvutwa kwenye njia ya hewa, na akriliki ya kawaida haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo daktari wa dharura anatafuta gizani. Kibaya zaidi ni kile kinachogandishwa moja kwa moja juu ya meno na mafundi wa mitaani kwa akriliki inayoganda mdomoni. Inapoganda inatoa joto, kemikali yake inaunguza fizi, mabaki ya chakula yanajibana chini yake, na baada ya muda meno mawili mazima ya jirani nayo yanaanza kucheza. Tanzania Bara daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumuuliza usajili wake si utovu wa adabu.

Seti kamili ya chini inahitaji maneno yake peke yake, kwa sababu ndiyo inayovunja watu moyo. Eneo la fizi inaloshika ni karibu nusu ya lile la juu, halina kaakaa la kunyonya, na ulimi unaishi katikati yake. Mfupa wa chini pia hupungua zaidi ya wa juu kadiri miaka inavyopita. Daktari akikuahidi kwamba ya chini itashika kama ya juu, hasemi kweli. Inakaa kwa kujifunza: ulimi ukae mbele, ukigusa nyuma ya meno ya chini, usirudi kooni. Mwenye uwezo, dawa ni vipandikizi viwili vya titani, kama skrubu zinazozamishwa kwenye mfupa, sehemu ya kidevu, seti inabanwa juu yake kama vifungo vya gauni. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba hilo ndilo liwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Kwa bei za huku bado ni mzigo kwa familia nyingi, lakini litajwe, mgonjwa aamue mwenyewe.

Siku ya kuvaa, daktari hupaka pasta maalumu ndani ya bamba, analibonyeza mdomoni, na pale pasta ilipofutika ndipo panapochubua, anapapunguza. Mgonjwa arudi baada ya saa 24, kisha baada ya wiki. Kidonda kikiuma sana asiyavae muda wote, ila ayavae saa chache kabla ya miadi, ili alama nyekundu imwonyeshe daktari mahali penyewe. Asikwangue mwenyewe kwa kisu au msasa. Uliza mapema kama bei uliyotajiwa inajumuisha ziara hizi. Kliniki inayolipisha kila kurudi inamfanya mgonjwa ajifiche na kidonda chake.

Wiki ya kwanza ni ya wali laini, ndizi za kupika, samaki aliyetolewa miiba, ugali uliomegwa vidogo, na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja ili bamba lisiinuke upande mmoja. Mahindi ya kuchoma, miwa na mshikaki wa kung'ata kwa meno ya mbele yasubiri sana, na kwa seti kamili huenda yasirudi. Nguvu ya kung'ata kwa meno bandia kamili ni takriban robo ya ile ya meno ya asili, na hili lisemwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Usiku yatolewe, yakae kwenye maji ya kawaida. Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2015 kwa wazee wa miaka 85 na kuendelea ulikuta wanaolala na meno bandia walipata nimonia mara mbili zaidi ya wasiolala nayo. Asubuhi yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida ya maji. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki. Maji ya moto hupinda bamba, na jiki huharibu chuma. Yaoshee juu ya karai lenye maji, yakiponyoka yaangukie maji na si vigae.

Yakivunjika, kusanya kila kipande, hata kile kidogo kama punje ya mchele, ukifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na uende nacho. Usitie supagluu. Gundi hiyo hujaza ufa, vipande havikutani tena sawasawa, na fundi hulazimika kukwangua kingo zote kabla ya kuanza. Akivipata visafi, akriliki iliyopasuka katikati huweza kuwa tayari jioni ya siku ile ile.